Mgeni Asiyepewa Jembe

"Nani ndugu wa mzee wa kitanda cha nane?"

Nikainuka. Aliyeuliza alikuwa kijana wa maabara, koti jeupe kalifunga vifungo kombo, kasimama mlangoni pa wodi kama mtoto aliyetumwa kudai deni.

"Dada, mzee alikulia wapi?"

Ilikuwa saa nne usiku. Mjomba yuko kwenye oksijeni, tumbo limetuna kama ngoma, na huyu ananiuliza habari za makuzi.

"Muheza. Kwa nini?"

"Shambani alikuwa anatembea peku?"

Muheza ya utoto wa Mjomba, nani alikuwa na viatu vya kwendea shamba? Viatu vilikuwa vya Idi, na hivyo vilibebwa mkononi mpaka karibu na msikiti, vikavaliwa hatua ishirini, vikavuliwa tena mlangoni.

Kijana hakucheka. Akanipeleka maabara, akanipisha kwenye hadubini. Mwanzoni sikuona kitu zaidi ya ukungu wa njano. Kisha kikapita: kiuzi kifupi, cheupe, kinajinyonganyonga kama kilichomwagiwa chumvi. Kikatoka upande mmoja wa duara la mwanga, kingine kikaingia upande wa pili.

"Haya ni makohozi," akasema. "Tulikuwa tunatafuta TB. Slaidi ya TB inakaushwa na kupakwa rangi, kwa hiyo nilimwona amekufa, nikadhani ni uzi wa pamba. Roho haikutulia. Nikachukua tone bichi."

Roho yake haikutulia. Nadhani Mjomba yu hai kwa ajili ya sentensi hiyo.

Wiki kumi na moja zimepita. Mjomba yuko nyumbani Mbagala, anakula, analalamika chakula hakina chumvi. Kilichobaki kunisumbua mimi ni lile swali la mlangoni. Kabla ya usiku ule, watu watano walimwandikia, walimuuzia au walimletea dawa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza alikulia wapi.

Mmoja wa hao watano ni mimi.

Zile nyeupe ndogo

Kifua kilianza kumbana Mjomba uzeeni, jambo ambalo peke yake lilitakiwa kutushangaza. Zahanati wakasema pumu. Wakampa pampu ya kuvuta na predinisoloni ya siku tano.

Siku ya tatu alikuwa mtu mpya. Alipanda ngazi, akaimba, akala wali sahani mbili. Dawa ilipoisha, pumzi nayo ikaisha. Akanipigia.

"Mwanangu, ukipita mjini nichukulie zile nyeupe ndogo. Zile ndizo zinanipa roho."

Nikachukua. Muuzaji wa duka la dawa hakuinua macho kwenye simu yake. Aliuliza swali moja tu: "Za shilingi ngapi?"

Nilichukua tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Vidonge sita kila asubuhi, miligramu 30, kwa wiki saba. Mashavu yakajaa, uso ukawa wa duara, na majirani wakampongeza kwamba kanawiri. Naye alinawiri kweli, kwa macho. Si ndiyo maana kuna wanawake, kuanzia Kinshasa hadi huku kwetu, wanaozimeza dawa za jamii hii ili wanenepe?

Kisha tumbo likaanza: kuuma, kujaa, kutapika. Kikohozi kikazidi. Hospitali ya kwanza tuliyompeleka walisikiliza kifua kikipiga filimbi, wakasema pumu imekuwa sugu, dozi iongezwe.

Ikaongezwa.

Mdudu wa Mjomba

Katika familia yetu kulikuwa na mzaha wa miaka mingi. Mara moja moja Mjomba alikuwa akijikuna paja, anapandisha msuli kidogo, anasema, "Tazameni, anatembea." Na kweli palikuwa na mstari mwekundu uliovimba, umepinda kama njia ya konokono. Ukimtazama baada ya saa moja, mstari umesogea kwa upana wa kiganja. Kesho yake haupo.

Bibi alisema ni jini mtambazi. Sisi watoto tuliita mdudu wa Mjomba. Yeye alipakaa mafuta ya nazi, maisha yakaendelea.

Daktari aliyemtibu nilipomsimulia, aliweka kalamu chini. Akaniambia mstari ule ni kama saini. Kiluwiluwi, yaani mnyoo mchanga, anayepita chini ya ngozi kwa kasi ya sentimita 5 hadi 10 kwa saa ni wa aina moja, na kitabuni anaitwa Strongyloides stercoralis.

Jina lake la Kiswahili sijapata kulisikia, ingawa jamaa yake, safura, tunamjua sote. Aliyemwona kwanza ni Louis Normand, daktari wa jeshi la majini la Ufaransa, mwaka 1876, kwenye kinyesi cha askari waliorudi Toulon wakiharisha kutoka nchi ambayo leo ni Vietnam. Shirika la Afya Duniani linakadiria anaishi ndani ya watu milioni 300 hadi 600. Kwa mdudu asiye na jina mtaani, hiyo ni familia kubwa.

Anavyoingia ni hadithi ya minyoo tunayoijua. Udongo wenye unyevu uliochanganyika na choo, mguu peku, kiluwiluwi anatoboa ngozi. Anapita kwenye damu hadi mapafuni, anapanda kooni, anamezwa, anashukia utumbo mdogo. Pale anakuwa jike la milimita 2 hivi, jembamba kuliko uzi wa kushonea. Jike tu. Ndani ya mwili wa mtu hahitaji dume, anataga mwenyewe.

Anapoachana na safura ni hapa. Mayai ya safura lazima yatoke na choo, yaanguliwe udongoni, yangoje mguu mwingine. Ya huyu huanguliwa humohumo tumboni, na viluwiluwi wengine hawana subira ya kutoka nje. Wanapevuka njiani, wanatoboa ukuta wa utumbo, au ngozi ya jirani na njia ya haja kubwa, na kuanza safari upya. Ndiyo maana ule mstari hupenda mapaja na makalio.

Kwa hiyo ukihama shamba, yeye hahami. Ukivaa viatu miaka thelathini, hana habari navyo.

Waingereza waliotekwa na Wajapani na kufanyishwa kazi kwenye reli ya Thailand na Burma wakati wa vita kuu ya pili walirudi kwao na mistari hiyohiyo. Madaktari wa Liverpool waliwakuta bado wana mnyoo zaidi ya miaka 30 baadaye, wazee wastaafu waliokuwa wakilima maua kwenye bustani za Uingereza. Mjomba aliondoka Muheza mwaka 1998. Mgeni wake alikuwa ametimiza miaka 27 mjini, bila kuhesabu aliyokaa naye kijijini.

Wahenga walitufundisha mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu aliingia Mjomba akiwa na jembe mkononi, na hakuna aliyewahi kumkabidhi.

Mapatano

Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa, nami nimelirudia kichwani nikiwa kwenye daladala, nikiosha vyombo, nikishindwa kulala.

Mwili wenye afya haumfukuzi. Unamzuia tu.

Kuna seli nyeupe ziitwazo esinofili, na kuna kingamwili maalumu za kupambana na minyoo. Kila viluwiluwi wanapojaribu kurudi ndani, wengi wanakamatwa njiani. Wanaopenya wanatosha kuziba nafasi ya waliokufa kwa uzee, basi. Idadi haipandi wala haiishi. Mtu huyo anaweza kuhisi muwasho, tumbo la juu kuchoma mara moja moja, kikohozi kisicho na sababu. Wengi hawahisi chochote. Wanaoa, wanazaa, wanastaafu, hawajui.

Kisha anakuja mtu na vidonge vyeupe vidogo.

Predinisoloni na deksamethasoni hutuliza pumu kwa sababu huituliza kinga yenyewe, na esinofili ni miongoni mwa seli za kwanza kupungua. Wataalamu bado wanajadiliana kama dawa hizi huondoa walinzi tu, au pia huwapa viluwiluwi ishara ya kupevuka upesi kwa kuwa zinafanana na homoni za minyoo za kujivua ngozi. Kwa mgonjwa kitandani tofauti ni ndogo. Waliokuwa wakipenya wachache sasa wanapenya kwa maelfu. Wanajaa mapafuni, wanafika ini, wanaweza kufika ubongo. Na kwa kuwa wanatoka utumboni, hawaendi mikono mitupu: wanabeba bakteria wa choo na kuwaingiza kwenye damu. Damu ya Mjomba ilipooteshwa maabara, iliota E. coli. Kinachoua mara nyingi ni hao, au homa ya uti wa mgongo wanayoileta. Bila tiba, hali hii karibu kila mara huua, na hata kwa tiba wengi hawaponi.

Wiki saba zangu zilikuwa nyingi. Lakini wapo waliofika hapo kwa kozi fupi kuliko hiyo.

Minong'ono

Siku ya pili wodini, mama mmoja wa ukoo alinivuta kwenye korido.

"Mmempima ule ugonjwa?"

Tulimpima. Tulimpima mara mbili, maana daktari alisema "kinga imeshuka" na sote, mimi wa kwanza, tukasikia kitu kimoja. Huko kwetu kinga ikishuka ni UKIMWI. Hakuna maana nyingine. Majibu yakatoka hana, na bado kuna ndugu waliopeana macho.

Ndipo nikaanza kusoma, nikakutana na jambo lililonigeuza kichwa. Miaka ya mwanzo ya UKIMWI, madaktari walitarajia mnyoo huyu angefagia wagonjwa, na Marekani ilimweka kwenye orodha ya magonjwa nyemelezi. Wimbi halikuja. Wagonjwa walikuwepo, lakini hawakufikia hata kidogo idadi iliyotarajiwa, na baadaye akaondolewa kwenye orodha. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2004 ulitoa sababu mojawapo: kadiri kinga ya mwenye VVU inavyoshuka, viluwiluwi huelekea zaidi kutoka na kukulia udongoni kuliko kupevukia ndani ya mtu.

Yaani kinga si ukuta mmoja unaoporomoka wote kwa pamoja. Ina milango mingi, na kila kimelea kina mlango wake. Toksoplazma, yule wa paka na nyama isiyoiva, ndiye anayengoja VVU ishushe seli za CD4 ili ashambulie ubongo. Huyu wa kwetu anangoja vidonge vya mashavu, au dawa za saratani, au za mtu aliyepandikizwa figo, au kirusi kingine kabisa kiitwacho HTLV-1.

Mjomba hakuwa na ugonjwa wa siri. Upungufu wake wa kinga ulikuwa kwenye mfuko wa nailoni, kando ya redio. Mimi ndiye niliyeuweka pale.

"Lakini huwa tunakunywa dawa za minyoo"

Ndivyo alivyosema mke wake, tena kwa hasira, kama aliyeambiwa nyumba yake chafu. Kila miezi sita, albendazoli, nyumba nzima, hadi msichana wa kazi. Ni kweli. Na dozi moja ya albendazoli, inayowafaa mchango na safura, huyu humwacha mara nyingi.

Dawa yake ni ivamektini.

Usiku ule famasi ya hospitali hawakuwa nayo. Binamu yangu alizunguka na bodaboda akapata duka la nne. La pili walitaka kumpa ya ng'ombe. Mjomba alikuwa akitapika kila kitu, ikasagwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani, kila siku, mpaka makohozi na choo vikawa safi wiki mbili mfululizo. Predinisoloni ilipunguzwa hatua kwa hatua. Haikatwi ghafla baada ya wiki nyingi, kwa kuwa mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe, na kukata kunaweza kuua pia.

Uchungu ni kwamba ivamektini ilipita Muheza nyumba kwa nyumba. Mpango wa matende na mabusha ulianza nchini mwaka 2000, huko Mafia, kisha ukasambaa. Waliokuwepo wanakumbuka: unasimama kando ya kijiti chenye alama, urefu wako ndio unaosema umeze vidonge vingapi, ivamektini pamoja na albendazoli. Dawa ya mabusha ilikuwa pia dawa ya mdudu wa Mjomba. Yeye alikuwa ameshahamia mjini.

Na mnakumbuka vita vya ivamektini wakati wa korona. Mwaka 2020 ilithibitika Uingereza kwamba deksamethasoni inaokoa waliozidiwa, na madaktari waangalifu wakaanza kuonyana: mgonjwa akiwa ametoka nchi za mnyoo huyu, mpeni ivamektini kwanza. Wakati huohuo watu mitandaoni walikuwa wakiigombania kama dawa ya korona yenyewe. Uchambuzi mmoja wa 2022 uligundua kwamba tafiti zilizoonyesha ivamektini ikipunguza vifo zilielekea kutoka sehemu zenye mnyoo huyu kwa wingi. Huenda waliookolewa waliokolewa kutoka kwa minyoo, si kutoka kwa korona. Bado kuna wanaopinga tafsiri hiyo, lakini mimi nilipoisoma nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

(Msomaji wa Kongo, Gabon au Kameruni, kwenu kuna jambo la ziada: penye mnyoo wa Loa loa, yule anayepita kwenye jicho, ivamektini inaweza kudhuru ubongo. Pimwa kwanza.)

Pumu gani?

Kuna shaka moja ambayo daktari amekataa kunitatulia.

Tangu Mjomba amalize ivamektini, kifua hakijapiga filimbi. Pampu iko dirishani, imepata vumbi. Viluwiluwi wanaopita mapafuni wanaweza kuleta kikohozi na kubanwa kunakofanana na pumu kabisa, na pumu inayoanza ukubwani, halafu ikazidi kwa predinisoloni, ni dalili ambayo vitabu vinaitaja.

"Kwa hiyo hakuwa na pumu?"

"Inawezekana alikuwa nayo."

"Inawezekana hakuwa nayo."

"Inawezekana," akasema, akaendelea kuandika.

Nimejaribu kuikubali hiyo "inawezekana." Kuna siku naikubali. Kuna siku naamka nikiwaza kwamba tulimpa mnyoo ufunguo ili kutibu hodi ya mnyoo.

Damu yangu

Nami nilikulia palepale. Shamba lilelile la machungwa na mihogo, choo kilekile cha makuti nyuma ya migomba, miguu mitupu mpaka nilipoanza shule, na baada ya shule.

Nikapima. Choo hakikuonyesha kitu. Daktari akasema kipimo kimoja cha choo huwakosa wengi, kwa kuwa kwa mtu mzima wa afya viluwiluwi hutoka wachache, tena si kila siku. Akaangalia damu: esinofili zimepanda kidogo. Zinaweza kupanda kwa aleji. Zinaweza kupanda kwa minyoo mingine.

"Unaumwa nini?" akauliza.

Siumwi kitu. Nakimbia kilomita tano kila Jumapili.

Hilo ndilo lilinikosesha raha kuliko majibu. Nilizoea kudhani kuwa na afya maana yake ni kutokuwa na kitu. Kumbe naweza kuwa mzima kama Mjomba alivyokuwa mzima, wa kupanda ngazi na kuimba, huku uzima wenyewe ukiwa ni kazi inayofanyika kila siku bila mimi kuijua.

Nilimeza vidonge vinne vya miligramu 3. Mikrogramu 200 kwa kila kilo, nami nina kilo 62. Glasi ya maji, tumbo tupu. Sikuhisi chochote, na sitajua kamwe kama kulikuwa na mtu wa kuondoka.

Simu ya Muheza

Jumapili iliyopita nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjomba wako anaendeleaje?"

"Hajambo, anadai chumvi. Mama, zile dawa za mabusha, mlizokuwa mnagawiwa kwa kijiti, ulizimeza?"

Kimya kidogo. Nikasikia kuku.

"Nilizipokea."

"Ulizimeza?"

"Walisema zinafunga uzazi. Nilizitia kwenye ua."

"Miaka yote?"

"Wewe na wadogo zako mlikuwa hamjatosha bado," akasema, akacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje. Kisha nikamuuliza magoti.

"Magoti siku hizi hata siyasikii. Kuna kijana anapita gulioni na dawa ya viungo, haina karatasi wala jina, lakini inafanya kazi kuliko zote. Hata mwili umerudi. Ungeniona mashavu."

Nikakaa chini.

"Mama, ni vidonge?"

"Vidogo, vyeupe."

"Unakula vingapi? Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo. Kwani vipi?"

Nikamwambia asiviache, asiviongeze, na kijana wa gulioni asimnunulie tena kitu. Nikamwambia Jumamosi nakuja na basi la alfajiri, tutakwenda hospitali pamoja, na vidonge avifunge kwenye karatasi tuvibebe.

"Basi nitakupikia nini?" akauliza.